UZI: Wanawake walioijenga Lamu, Pate na Siyu. Tuwataje kwa majina na kwa walichokiacha

#1 Wikio

Asalaam aleikum wadau.

Kila tamasha la Lamu likifika majina ni yale yale. Fulani alijenga msikiti, Sultani fulani alipigana vita, sharifu fulani alileta maulidi. Sina ugomvi nao, Mungu awarehemu. Lakini ukiisoma orodha ya watawala wa Pate kutoka juu hadi chini utadhani visiwa hivi vilizaa wanaume watupu.

Huu uwe uzi wa wanawake. Sharti langu ni moja: msilete sifa tupu za "mama zetu walikuwa mashujaa". Leteni kitu alichokiacha mtu. Nyumba, shairi, ngoma, kaburi, chochote ambacho msafiri akishuka gatini anaweza kukiona au kukisikia.

Naanza na siwa, lile baragumu kubwa la watawala. Ile ya pembe ya ndovu iliyoko Makumbusho ya Lamu wengi mmeiona: ndefu kupita mtu mzima, nakshi kila mahali, tundu la kupulizia ubavuni. Ilitoka Pate. Watu husimama mbele yake wakaulizana ndovu wangapi, fundi nani, Sultani gani. Mwanamke anayehusishwa nayo katika masimulizi, Mwana Darini, hukumbukwa na wachache sana.

Habari za Pate zinasimulia kwamba mumewe aliuawa katika fitina za ufalme. Akakaa eda, akamlea mwanawe. Mtoto alipofika umri wa jando, mama akaanza kutayarisha sherehe iliyolingana na cheo cha nasaba yake. Sasa, sherehe ya watu wa daraja lile bila siwa haikuwa sherehe, na siwa ya mji ilikuwa mikononi mwa Sultani. Sultani naye akapanga jando la mwanawe wakati ule ule. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake: mjane amtahiri mwanawe kimya kimya, mji ujue nani mkubwa.

Mwana Darini hakwenda kulia mlangoni kwa mtu. Alimwita sharifu mmoja hodari wa kuchonga, akamtengenezesha siwa nyingine kwa siri. Ilipokamilika ikatolewa, ikapigwa nyumba hadi nyumba kwa jamaa zake, na watu wakaitunza mali kwa wingi.

Pimeni alichokifanya. Siwa ndiyo iliyokuwa alama ya dola. Mwenye siwa ndiye mwenye mji. Huyu mama kajitengenezea alama ya dola nyumbani kwake, akaitembeza mitaani mchana kweupe. Sultani angesema nini? Kwamba jando la yatima ni uasi?

Endeleeni.

#2 Mzee wa Kusi

Waaleikum salaam. Umeanza vizuri mwanangu.

Ile orodha unayoilalamikia, hata hivyo, ina mwanamke ndani yake. Mwana Khadija alitawala Pate miaka ya 1760 na mwanzoni mwa 1770. Hakuwa mama wa sultani wala mke wa sultani, alikuwa mwenye kiti mwenyewe. Na kilikuwa kiti cha moto: mji uligawanyika, kukawa na mtu wa pili anayedai ufalme, watu wakapigana ndani ya mji mmoja. Pate ya wakati ule ilikuwa imeshaanza kushuka, Lamu inapanda, na Wamazrui, watawala wa Mombasa wenye asili ya Oman, wanaangalia.

Wasimulizi wakifika kwake huharakisha. "Akatawala Mwana Khadija, kukawa na fitina," halafu wanaruka kwa anayefuata. Fitina ilikuwapo kabla yake na ikaendelea baada yake, ila kwake yeye fitina imekuwa ndiyo habari yake yote. Mwanamume akitawala wakati wa vita huambiwa ni simba.

#3 Mchokoo

Samahanini niwaharibie karamu.

Mmetaja watu wawili, wote wa ukoo wa kifalme. Siwa ya Mwana Darini ilitoka kwenye pembe. Nani aliibeba ile pembe kutoka bara hadi pwani? Siku ya jando, nani alitwanga, nani alipika, nani alichota maji usiku kucha? Tukisherehekea "wanawake waliojenga mji" halafu tukawaorodhesha mabibi peke yao, tumebadilisha jinsia tu, orodha ni ile ile.

#4 Fundi Chokaa

Mchokoo, swali lako lina haki na nadhani litarudi. Ila niruhusuni niingie na mambo ya nyumba kwanza, maana ndiyo kazi yangu.

Watalii wanapiga picha milango ya Lamu. Mlango ni sehemu ya mwanamume: daka (kibaraza cha kuingilia), baraza, wageni. Nyumba yenyewe ni ya mwanamke, na hapa nasema ya kwake kwa maana ya mali. Desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa baba kumpa bintiye nyumba anapoolewa. Kama hana kiwanja, anamjengea ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe, au anakata upande. Ndiyo maana mji unapanda juu na kushikana namna ile. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Wakiachana, anayefunga mzigo na kuondoka ni yeye.

Tazameni hesabu yake katika sheria. Kwenye mirathi binti anapata nusu ya fungu la kaka yake. Wazee waliijua sheria na hawakuivunja. Walimpa binti nyumba wakiwa hai, kwa hiba, au wakaiwekea wakfu kwa kizazi cha kike. Kaka akapata jahazi, shamba na biashara. Jahazi huzama, biashara hufilisika, shamba huliwa na nguruwe mwitu. Nyumba ya matumbawe yenye kuta nene kiasi kile imesimama miaka mia mbili na bado kuna mtu anaishi ndani. Nani alipata fungu kubwa?

Na muundo wa ndani unafuata maisha ya mwenyewe. Unaingia daka, kiwanda (yaani ua wa ndani), halafu msana wa kwanza, ule ukumbi mrefu, msana wa pili, kisha ndani kabisa. Kila ukienda mbele sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkandaa haifiki mbali. Ukishafika karibu mita 3 umefika mwisho wake. Chumba cha ndani ndicho chenye zidaka (vishubaka vya ukutani) nyingi na plasta iliyokatwa kwa mkono, na ndimo wanawake walimozalia. Mtoto akifikisha siku arubaini alizungushwa akaonyeshwa nyumba. Humo humo maiti aliosheshwa, humo humo mjane alikaa eda. Nakshi nzuri kuliko zote ziliwekwa mahali ambapo mgeni wa kiume hafiki. Mimi nikiona kazi ile najua fundi alikuwa anamridhisha nani.

Halafu mawikio, yale madaraja ya juu yanayovuka uchochoro kutoka nyumba hadi nyumba. Kwayo na kwa madari wanawake wa jamaa moja walitembeleana, wakapeana chakula, habari na ushauri bila kushuka chini. Mji wa Lamu una ramani mbili. Ya chini tumeichora.

#5 Wikio

Fundi, sasa jina langu humu halihitaji maelezo tena. Ahsante.

#6 Mchokoo

Maelezo matamu, bwana fundi, nimesoma mara mbili. Swali langu lakini limekaa pale pale.

Matumbawe nani aliyabeba kutoka majini? Chokaa huchomwa kwa kupanga matumbawe juu ya rundo la magogo ya mkoko, kisha huzimwa na kusubiriwa miezi. Maji ya kuzimia nani aliyachota? Na tukija kwa wenyewe wa wikio: bibi wa kiungwana alipolazimika kushuka barabarani alifunikwa kwa shiraa, lile hema la kitambaa. Halikujibeba. Lilishikwa kwa vijiti na wajakazi, na hao wajakazi walitembea nyuso wazi, kwa sababu kujifunika kulikuwa heshima waliyonyimwa.

Ndiyo mniambie: nani katika picha ile ameujenga mji? Aliye ndani ya shiraa au aliyeishika?

#7 Wikio

Wote wawili. Najua unaona nakwepa, kwa hiyo nieleze.

Aliye ndani ya shiraa aliacha jina kwa sababu alikuwa na mali ya kuachia jina. Nikimwondoa kwenye hadithi kwa kuwa alimiliki watu, nabaki na orodha ya wanaume waliomiliki watu wengi zaidi yake. Nikimwacha bila kumtaja aliyeshika kijiti, nimedanganya. Kwa hiyo naafiki kila anayemtaja bibi amtaje na aliyembeba. Siyo kwa ajili ya adabu ya kisasa, ni kwa sababu kazi haikufanyika bila yeye. Mwana Kupona mwenyewe katika utendi wake anamwelekeza bintiye namna ya kuishi na watumwa wa nyumbani. Hilo halifichiki, limo ndani ya shairi.

#8 Mwalimu Wazamu

Kwa kuwa Mwana Kupona ametajwa, naomba nafasi. Hapa nitakuwa mrefu, mniwie radhi.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliowapiga askari wa Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, miaka ya 1840 wakati miji mingi ya pwani ilikuwa imeshainamisha kichwa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mjane akaugua, na akiwa kitandani akamtungia bintiye Mwana Hashima utendi. Mwishoni akaweka kila kitu: kwamba yeye ni mwana wa Mshamu, kwamba alizaliwa Pate, na mwaka wa Hijra 1275, ambao ni takriban 1858. Hakuacha nafasi ya mtu kuja baadaye kusema kazi ile ni ya sheikh fulani.

Shuleni tulipewa beti chache tu, hasa zile za radhi tano: Mungu, Mtume, baba, mama, na mume. Tukaambiwa huu ni utendi wa kumfundisha mke utiifu. Vijana wa kike darasani wakanuna, na sikuwalaumu. Utiifu umo, tena mwingi. Kuamka naye, kumsinga, kumfukizia udi, kutotoka bila idhini. Anayesema haumo hajausoma.

Ila someni na ubeti huu:

*Mtunde kama kijana*
*asioyua kunena*
*kitu changalie sana*
*kitokacho na kungia*

Yaani: mtunze kama mtoto mdogo asiyejua kusema, na uangalie sana kila kinachotoka na kuingia. Mume huyo ambaye radhi yake ndiyo mlango wa pepo, anahesabiwa ni mtoto ambaye hajaanza kuongea! Na anayeangalia kinachotoka na kuingia ni nani? Mke ameshika nyumba, hesabu, siri na mume mwenyewe. Kumbukeni alichoeleza Fundi hapo juu kuhusu nyumba ni ya nani. Mashauri haya yanatolewa kwa binti ambaye mume atamkuta kwake.

Mimi sisemi Mwana Kupona alikuwa anapinga chochote. Alikuwa mcha Mungu na aliamini alichokisema. Nasema alikuwa mjane wa mtawala, anakufa, mji wa mumewe unazingirwa na Zanzibar, binti bado kijana. Alichokuwa nacho cha kumwachia ni ujuzi wa kuishi katika dunia ile bila kuumia. Akampa. Siyu yenyewe ilianguka mwaka 1863 mbele ya Seyyid Majid, mwanawe Seyyid Said. Ngome imebaki gofu lililokarabatiwa. Utendi unasomwa.

#9 Tausi_3

Mwalimu, kwa heshima zote, "kuishi bila kuumia" ndiyo maneno hasa niliyoambiwa na mashangazi siku ya kufundwa kwangu, na nikaumia. Shairi zuri linaweza kutumika vibaya miaka mia na sitini. Tukimsherehekea tuseme na hilo.

#10 Mwalimu Wazamu

Dada Tausi, sina la kukupinga. Pole sana.

Niongeze tu jambo moja ambalo halitetei beti za utiifu. Karibu na mwisho anaacha kusema na bintiye, anawageukia wanawake wote: "Somani nyute huramu, maana muyafahamu." Anawaambia wasome. Hasemi wasikilize, wala wasomewe. Ni mwaka 1858, shule ya serikali haijaota hata ndotoni, na mwanamke anawaandikia wanawake kwa hati za Kiarabu akitegemea kwamba wapo wa kusoma. Walikuwapo. Wanawake wa visiwa hivi walinakili tenzi kwa mikono, wakahifadhi miswada makashani. Mwana Hashima ndiye aliyekaa na kazi ya mama yake, akaishi hadi mwaka 1933, na alikuwa mtunzi yeye mwenyewe. Kitabu chenye utendi huo na tafsiri ya Kiingereza kilitoka Uingereza mwaka uliofuata, kwa kazi ya Alice Werner na William Hichens. Binti hakukiona. Bila yeye kusingekuwa na cha kuchapa.

#11 Tausi_3

Hilo la kusoma nimelipokea. La mashangazi bado.

#12 Mtu wa Fumba

Kwetu Unguja kuna jina ambalo mkilitaja mnagawanya baraza: Mwana Fatuma, malkia wa Unguja mwishoni mwa karne ya 17. Waomani walipouzingira Fort Jesus kuanzia 1696, yeye alipeleka majahazi ya chakula kwa Wareno waliokwama ndani. Ngome ikaanguka mwaka 1698, Waomani wakamchukua wakampeleka uhamishoni Oman, na miaka kadhaa baadaye akarudishwa.

Wengine humwita msaliti. Mimi nauliza, alimsaliti nani? Mreno alikuwa mgeni na Muomani alikuwa mgeni. Mtawala wa kisiwa kidogo alichagua mgeni mmoja dhidi ya mwingine, kama walivyofanya watawala wa Malindi, wa Pate, wa Lamu, kila mmoja kwa zamu yake. Wao tunawaita wanadiplomasia.

(Na Siti binti Saad ni wa kwetu Fumba, mfinyanzi wa vyungu aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Huyo anastahili uzi wake, siingizi hapa.)

#13 Mzee wa Kusi

Alimsaliti nani... Swali zuri hilo. Waislamu wengi wa pwani wakati ule walikuwa wamechoka na Mreno na wenyewe ndio walioomba msaada Oman. Kwa hiyo wapo walioona amewaacha mkono. Usilifute hilo upesi, bwana wa Fumba.

#14 Mtu wa Fumba

Sijalifuta mzee. Nimekataa tu liwe ndilo jina lake.

#15 KilindiniKwetu

Mombasa nasi tumo. Katika masimulizi yetu mji wa kale unaanza na mwanamke, Mwana Mkisi, kabla ya Shehe Mvita. Mwanzilishi ni malkia, halafu tunaishi katika mji ambao ukizunguka mitaa mizima unasoma majina ya magavana na masheikh.

Lakini niliyetaka kumsemea sana ni Mchokoo na swali lake la wajakazi. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Angalieni kilichofuata upande wa wanawake. Buibui likaenea, na likavaliwa na kila mtu. Shiraa ikafa, maana hakuna tena wa kuishika, na aliyekuwa akiishika sasa naye amejifunika kama bibi wake wa jana. Sijui mapinduzi gani mengine yalifanyika kwa kitambaa cheusi.

Na lelemama. Mombasa vyama vya lelemama kama Banu Saada na Ibinaal Watan vilikuwa na vyeo, sare, michango na ushindani wa kufa mtu. Wajukuu wa waliokuwa watumwa na wajukuu wa waungwana walikutana kwenye safu moja ya ngoma, na cheo ukakipata kwa kujua kuimba, kuongoza na kutoa. Wanawake walijifunza humo kuendesha kikao, kushika fedha za watu, kupanga safari ya kwenda kucheza mji mwingine. Miaka ya 1950 walipoanza vyama vya wanawake wa Kiislamu vya kusomesha na kusaidiana, hawakuanza na mikono mitupu. Wanaume walikuwa wanacheka, "ngoma za wanawake". Wacheke.

#16 Mjukuu wa Langoni

Nilikuwa nasoma tu, Kilindini kanifungua mdomo.

Mimi bibi yangu mzaa mama alitoka kwa watu walioshika vijiti. Kwetu halikuzungumzwa waziwazi. Ukiuliza, unaambiwa nenda kalete maji. Kwa hiyo mkisema "majina", kwetu jina ndilo lilipotea. Mjakazi alipewa jina na bwana wake, mara nyingi jina la siku au la kheri au la mzaha, na baba yake akabaki huko alikotoka. Msitegemee kumpata kwenye nasaba.

Mtampata kwenye mikono. Mwanamke wa Lamu asiyekuwa na nyumba ya kurithi alikuwa na sindano. Kofia za vito zile mnazovaa Idi, zenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi mmoja mmoja, zimelisha nyumba nyingi za Lamu, Pate na Siyu. Mama anashona baada ya Isha, kofia moja inachukua wiki na wiki, halafu anaipeleka mtu mwingine dukani kwa niaba yake. Mikeka vivyo hivyo, ukindu unachambuliwa, unatiwa rangi, unasukwa mshipi kwa mshipi. Mshonaji hatii sahihi. Lakini wenyewe walijuana: ukimpa bibi yangu kofia aliitazama kidogo akakwambia ni mkono wa mtaa gani.

Na mtampata kwenye vugo. Wanawake wanapiga pembe za ng'ombe kwa vijiti, safu inakwenda taratibu mtaani usiku wa harusi, na nyimbo zinatupwa upande wa pili. Mule ndani ya nyimbo kuna historia ya mji ambayo hakuna sheikh aliyeiandika: nani alimdhulumu nani, bwana gani alikula mali ya yatima, nyumba gani inajivuna na deni halijalipwa. Bibi yangu alijua nyimbo za kumjibu kila mtu. Siwa ilikuwa ya waungwana. Pembe ya ng'ombe hakuna aliyehitaji ruhusa ya Sultani kuipiga.

#17 Mchokoo

Nimekuja humu kugombana, Mjukuu amenimaliza maneno. Huo ndio mchango niliokuwa nausubiri.

#18 Fundi Chokaa

Mjukuu, hilo la siwa na pembe za vugo sikuwahi kuliweka pamoja kichwani. Sasa kila nikisikia vugo nitamfikiria Mwana Darini, na sijui kama angefurahi.

#19 Mokowe Jetty

Mimi ni wa bara, nimehamia Lamu kwa kazi, naomba kuuliza bila kumuudhi mtu. Mbona wote mnaowataja wamekufa zamani? Mwaka 2022 Lamu Mashariki ilimchagua Ruweida Obo, rubani, kuwa mbunge wa eneo bunge, baada ya kuwa Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti. Na Lamu Mashariki ndiyo yenyewe Pate na Siyu tunazozizungumzia. Si historia hiyo?

#20 Mzee wa Kusi

Karibu Lamu. Ni historia, ila bado yuko kazini, na mwanasiasa aliye kazini ukimsifu leo kesho atakuja na bango. Tumpe muda. Nitasema hili tu: Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija karne ya 18, kwa hiyo anayeshangaa mwanamke kupata kura Pate ndiye mgeni.

#21 Mokowe Jetty

Nimekubali mzee 😄

#22 Wikio

Tumefika pazuri kuliko nilivyotarajia. Nirudi kwenye sharti langu, la vitu vinavyoonekana.

Kaburi la Mwana Hadie Famau lipo Lamu, limezungukwa na nyumba, lilikuwa limepambwa bakuli za kaure. Watoto wanacheza mpira ubavuni na sidhani kama mmoja kati yao ameambiwa huyo Mwana alikuwa mwanamke wa mji huu karne nyingi zilizopita. Siwa ipo makumbusho. Utendi upo. Nyumba zipo, ingawa kila mwaka kuna moja inayouzwa kwa mgeni, na pale ndipo Fundi atanisaidia: mnunuzi akibadilisha chumba cha ndani kuwa bafu, zidaka zinakwenda wapi?

#23 Fundi Chokaa

Zinavunjwa, au zinakatwa na kuwekwa sebuleni kama pambo la kuwekea vitabu. Lamu iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 na sura ya nje inalindwa zaidi kuliko tumbo la nyumba. Kuna wenyeji pia wanaofanya hivyo, tusiwasingizie wageni peke yao. Binti akirithi nyumba pamoja na ndugu sita, na kila mmoja anataka fungu lake taslimu, ataiuza. Wazee waliikinga kwa wakfu, siku hizi wakfu wenyewe unagombewa.

Kama kuna mtu anataka kusherehekea kwa vitendo, achukue kalamu aandike nyumba kwa nyumba: ilijengewa binti gani, ikaenda kwa nani. Hati za zamani zinawataja wanawake kama wamiliki, tena kwa majina kamili na ya baba zao. Wapo humo, wanasubiri msomaji wa hati za Kiarabu.

#24 Mwalimu Wazamu

Wasomaji wa hati hizo wapo wachache, na wengi wao ni akina mama wa umri wa Mzee wa Kusi. Vijana wangu wa kidato cha tatu wana simu, akina mama wana macho ya kusoma. Naweza kuwakutanisha likizo ya Agosti.

#25 Mjukuu wa Langoni

Mwalimu, mkienda kwenye hati mtawapata wenye nyumba. Njooni na Langoni mrekodi nyimbo za vugo. Waimbaji wa zamani waliobaki mtaani kwetu wanahesabika kwa vidole, na mmoja wao hataki wanaume chumbani anapoimba, kwa hiyo leta wasichana.

#26 Tausi_3

Nitakuja mimi. Kinasa sauti ninacho, na za mashangazi nitaomba ziimbwe za kujibu.

#27 Mjukuu wa Langoni

Hizo zipo nyingi, dada. Njoo baada ya Isha.